Nyayo Zilizovaa Damu: Askari, Riwaya na Filamu katika Lugha ya Kimalayalam

Ikisiri

Makala haya yanafafanua safari ya Ninamaninja Kalpadukal, riwaya ya Kimalayalam ya mwandishi Parappurath iliyotoka mwaka 1955, hadi ilipogeuzwa kuwa filamu mwaka 1963 chini ya mwongozaji N. N. Pisharady. Hoja yake ni kwamba kazi hii inavitazama vita kutoka upande wa kaya inayongoja mshahara wa askari, na kwamba mtazamo huo haukumezwa na hamasa za vita vya India na China vya mwaka 1962 kwa sababu filamu ilisimama juu ya riwaya iliyovitangulia vita hivyo. Makala yanaeleza pia mazingira ya uchapishaji, usomaji na tuzo yaliyowezesha riwaya ya askari wa kawaida kufika kwenye sinema, kisha yanadondoa mafunzo yanayowahusu watafiti na washauri wa sera wa Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Kimalayalam ni lugha ya jimbo la Kerala, ukanda mwembamba ulioko kusini-magharibi mwa India, kati ya safu ya milima ya Ghats na Bahari ya Arabuni. Sensa ya India ya mwaka 2011 iliwahesabu wasemaji wake kuwa takriban milioni 35. Kwa idadi, lugha hiyo imefunikwa na Kihindi. Kwa fasihi na sinema, haikukubali kufunikwa. Miongoni mwa sababu ni uhusiano wa karibu kati ya riwaya na filamu. Kwa miongo kadhaa watayarishaji wa filamu wa Kerala walitafuta visa vyao katika vitabu ambavyo wasomaji walikuwa wamekwisha kuvipenda, na waandishi wakaingia katika sinema bila kuona kwamba wanajishusha hadhi.

Ninamaninja Kalpadukal ni mfano mzuri wa uhusiano huo. Jina lenyewe linastahili kutazamwa. Neno ninam lina maana ya damu, na kalpadukal ni nyayo, yaani alama za miguu zinazobaki ardhini. Katikati yake kuna kitenzi chenye maana ya kuvaa au kujipamba. Tafsiri iliyo karibu zaidi na asili ni "nyayo zilizovaa damu". Unyayo ni alama ya mtu aliyekwisha kuondoka. Mwandishi hakukipa kitabu chake jina la upanga, bendera wala ushindi. Alichagua kile kinachobaki njiani baada ya askari kupita, na uchaguzi huo ndio unaoongoza usomaji wa kazi nzima.

2.0 Askari aliyeshika kalamu

Parappurath ni jina la uandishi la K. E. Mathai, aliyezaliwa mwaka 1924 katika kijiji cha Kunnam, karibu na mji wa Mavelikkara, katika eneo lililokuwa chini ya ufalme wa Travancore. Mwaka 1944, akiwa kijana wa miaka 20, alijiunga na jeshi katika kikosi cha Pioneer Corps. Kikosi hicho hakikuwa cha mashujaa wa mstari wa mbele. Kazi yake ilikuwa kutengeneza barabara, kupakua shehena, kuchimba mahandaki na kubeba mizigo. Parappurath alitumika jeshini kwa takriban miaka 21, na sehemu kubwa ya kazi zake za mwanzo aliziandika akiwa bado amevaa sare.

Hakuwa peke yake. Katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, Jeshi la India lilipanuka hadi kufikia zaidi ya watu 2,500,000, wote wakiwa wa kujiandikisha kwa hiari. Neno "hiari" hapa linahitaji uangalifu. Katika vijiji ambako ardhi ilikuwa haba, madeni yalikuwa mengi na kila binti alihitaji mahari ya kutolewa na wazazi wake ili aolewe, hiari ya kijana mara nyingi ilikuwa ni njaa iliyovishwa jina la heshima. Kutokana na kizazi hicho, Kimalayalam kilipata waandishi kadhaa waliotoka kambini, wakiwamo Kovilan, aliyetumika katika jeshi la majini kabla ya kuhamia jeshi la nchi kavu, na Nandanar. Hadithi zao ziliunda mkondo unaotambuliwa na wahakiki wa Kerala kuwa ni fasihi ya jeshini.

Jambo moja la kiisimu linawahusu moja kwa moja wanazuoni wa Kiswahili. Askari wa India wa enzi hiyo aliamrishwa na kufundishwa kwa Kihindustani, ambacho jeshi lilikiandika kwa hati za Kilatini. Katika miaka hiyohiyo, askari wa King's African Rifles kutoka Kenya, Uganda na Tanganyika waliamrishwa kwa Kiswahili, nao mwaka 1944 walipigana huko Burma, katika bonde la Kabaw, ndani ya jeshi lilelile la 14 lililojaa askari wa Kihindi. Tofauti ni kwamba Kihindustani hakikuwa lugha ya nyumbani ya kijana wa Travancore. Kambi ilimpa lugha ya amri. Lugha ya kuwaza na kusikitika aliibeba kutoka kwao. Parappurath alipoketi kuandika, alirejea Kimalayalam, na kwa kufanya hivyo alimpa msomaji wa kijijini habari ambazo taarifa za jeshi hazikuweza kumpa.

3.0 Riwaya: vita kama ajira

Mhusika mkuu wa riwaya ni Thankachan, kijana Mkristo kutoka familia maskini. Anaingia jeshini ili kuwanusuru watu wake. Kuna msichana anayempenda, Thankamma, na penzi hilo linawekwa katika mtihani na mambo mawili yasiyo na huruma: umaskini wa pande zote mbili na umbali wa kambi. Kuna pia urafiki wa kambini, ule unaowaunganisha watu wasiochaguana, nao unapewa sura na Stephen, askari mwenzake Thankachan.

Muhtasari huo mfupi unatosha kuonyesha mpangilio wa uzito katika kisa. Katika tenzi na visasili vya vita, mapigano ndiyo kitovu na nyumbani ni mahali pa kuagia na kurejea. Hapa mambo yamegeuzwa. Kitovu ni nyumba, na vita ni mojawapo ya nguvu zinazoitikisa, pamoja na deni, mahari na maneno ya majirani. Askari hapimwi kwa idadi ya maadui aliowaua. Anapimwa kwa hawala ya posta: imefika au haijafika, inatosha au haitoshi, na nani ameipokea.

Wachumi wamezoea kuuita uchumi wa Kerala uchumi wa hawala ya posta, kwa sababu ya wingi wa familia zilizotegemea fedha kutoka kwa ndugu walio mbali. Watu wengi hulihusisha jina hilo na wafanyakazi waliokwenda nchi za Ghuba kuanzia miaka ya 1970. Riwaya za askari zinatukumbusha kwamba desturi hiyo ina mizizi ya zamani zaidi. Kabla ya kibarua wa Ghuba alikuwako askari wa kambi za kaskazini, na kabla ya barua za kutoka Dubai zilikuwako barua zenye mihuri ya posta ya jeshi. Maumivu yalikuwa yaleyale: mtu anauza miaka ya ujana wake ili wengine waishi, kisha anarudi na kukuta maisha yamekwenda bila ya yeye.

Hapo ndipo riwaya inapopata uzito wake. Haidai kwamba jeshi ni baya wala haisemi kwamba vita ni vitukufu. Inauliza swali gumu zaidi: iwapo mtu ameingia vitani kwa ajili ya watu wake, kisha watu hao wakatawanyika wakati yeye yuko vitani, ni kitu gani alichokuwa akikipigania?

4.0 Filamu na kivuli cha mwaka 1962

Filamu ilitolewa mwezi Februari 1963. Mtayarishaji alikuwa Shobhana Parameswaran Nair. Muswada wa filamu uliandikwa na Parappurath mwenyewe. Prem Nazir, aliyekuwa tayari nyota, alicheza kama Thankachan, na Ambika kama Thankamma. Nafasi ya Stephen alipewa Madhu, mwalimu wa chuo aliyeacha kazi ya kufundisha Kihindi na kwenda kusomea uigizaji katika National School of Drama jijini Delhi. Alikuwa amekwisha kushiriki katika utengenezaji wa filamu nyingine, lakini ni hii iliyotangulia kuonekana kwenye majumba ya sinema, hivyo watazamaji walimfahamu kwanza akiwa katika sare ya askari. Baadaye akawa mmoja wa waigizaji wakubwa kabisa wa Kimalayalam.

Tarehe ya kutolewa kwake ina maana kubwa. Vita kati ya India na China katika milima ya Himalaya vilianza tarehe 20 Oktoba 1962 na kusimama tarehe 21 Novemba, baada ya China kutangaza kusitisha mapigano. India ilishindwa vibaya. Huko Kerala pigo hilo liliuma kwa njia mbili za ziada. Waziri wa Ulinzi aliyelazimika kujiuzulu, V. K. Krishna Menon, alikuwa mzaliwa wa Kozhikode. Aidha, Chama cha Kikomunisti, ambacho kilikuwa kimeliongoza jimbo hilo tangu mwaka 1957 hadi 1959, kiligawanyika vikali ndani kwa ndani kuhusu China, na mwaka 1964 kikapasuka vipande viwili.

Mtazamaji aliyekata tiketi miezi mitatu tu baada ya vita kusimama hakuweza kuiangalia filamu ya askari bila kuwakumbuka vijana walioganda kwenye theluji. Huo ulikuwa wakati ambapo filamu yoyote ya vita ingeweza kuwa tangazo la kuandikisha askari au kilio cha kulipiza kisasi. Kilichoizuia Ninamaninja Kalpadukal isielekee huko ni umri wa kisa chake. Riwaya ilikuwa imetoka miaka 7 kabla ya vita hivyo na ilikuwa imezaliwa katika uzoefu wa miaka ya 1940. Mhusika wake alikwisha kuwa na sababu zake za kuingia jeshini, na sababu hizo hazikuwa China. Filamu ilipokea huzuni ya taifa bila kuziacha huzuni za nyumba moja.

Muziki ulisaidia kazi hiyo. Nyimbo zilitungwa na mshairi P. Bhaskaran na kutiwa muziki na M. S. Baburaj. Mojawapo, iliyoimbwa na P. B. Sreenivas, inaipigia picha nchi ya Kimalayalam kuwa iko ng'ambo ya milima mikubwa, imejitanda kijani. Mwimbaji yuko upande wa pili wa milima hiyo. Anaitamani nchi yake na haioni. Wimbo huo umeendelea kupendwa hadi leo kama wimbo wa kuisifu Kerala, na wengi wanaouimba wakiwa ughaibuni hawahitaji kuelezwa kwa nini ulitungiwa filamu ya askari. Uzalendo wake umejengwa juu ya kumkosa mtu na mahali, bila kumtaja adui.

Katika Tuzo za Taifa za Filamu za India kwa filamu za mwaka 1963, kazi hii ilipata nishani ya fedha ya Rais ikiwa filamu bora ya lugha ya Kimalayalam.

5.0 Misingi iliyobeba uhamishaji

Ni rahisi kuyasema mafanikio hayo kuwa kipaji cha mwandishi na ustadi wa mwongozaji. Vyote viwili vilikuwapo. Hata hivyo, vipaji huwapo mahali pengi ambako riwaya hazigeuki kuwa filamu. Huko Kerala kulikuwa na misingi mitatu iliyotangulia.

Msingi wa kwanza ni hadhi ya mwandishi kiuchumi. Mwaka 1945 waandishi 12 walianzisha mjini Kottayam chama cha ushirika cha kuchapisha vitabu, Sahithya Pravarthaka Co-operative Society, kwa mtaji wa rupia 120. Ushirika huo uliwalipa waandishi mrabaha mkubwa kuliko desturi ya wachapishaji wengi, kiasi cha asilimia 30. Matokeo yake yalienea zaidi ya wanachama wake, kwa kuwa uliweka kipimo kipya cha thamani ya kazi ya mwandishi katika soko zima la vitabu.

Msingi wa pili ni wasomaji. Mwaka huohuo wa 1945, mwalimu P. N. Panicker alizikutanisha maktaba 47 za vijijini na kuunda umoja wa maktaba wa Travancore, ambao ulikua ukawa vuguvugu la jimbo zima. Maktaba ya kijiji haikuwa rafu za vitabu peke yake. Ilikuwa baraza la kusomeana magazeti na kujadiliana. Riwaya iliyopita katika mabaraza hayo ilifika sinema ikiwa na watazamaji wanaokijua kisa na wanaokuja kuona kama kimetendewa haki.

Msingi wa tatu ni sheria na utambuzi wa dola. Umuhimu wa sheria unaonekana katika mkasa wa Marthanda Varma, filamu bubu ya mwaka 1933 iliyotokana na riwaya ya C. V. Raman Pillai ya mwaka 1891. Ilikuwa riwaya ya kwanza ya Kimalayalam kugeuzwa filamu, lakini watayarishaji hawakuwa na hakimiliki. Wachapishaji wa kitabu walikwenda mahakamani, na filamu ikazuiwa mara tu ilipoanza kuonyeshwa. Hasara ile ilikuwa funzo kwa tasnia changa. Miaka 30 baadaye, Parappurath hakuwa mlalamikaji mahakamani. Alikuwa mwandishi wa muswada wa filamu yake mwenyewe. Kati ya matukio hayo mawili, India ilipitisha Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1957, na dola ikaanzisha tuzo za taifa ambazo tangu awali zilitenga nishani na vyeti kwa filamu za lugha za majimbo. Filamu ya lugha ya jimbo haikulazimika kushindana na Kihindi peke yake ili ionekane.

Misingi hiyo ilizaa mfululizo. Riwaya nyingine za Parappurath zilifuata njia ileile, ikiwamo Aranazhika Neram, iliyofanywa filamu na K. S. Sethumadhavan mwaka 1970. Chemmeen, riwaya ya Thakazhi Sivasankara Pillai ya mwaka 1956, ilifanywa filamu na Ramu Kariat mwaka 1965 na kutwaa nishani ya dhahabu ya Rais, ikiwa filamu ya kwanza ya India ya kusini kupata heshima hiyo.

6.0 Mafunzo kwa Kiswahili

Fasihi ya Kiswahili haikukaa kimya kuhusu vita. Shaaban Robert alivisimulia Vita Vikuu vya Pili katika Utenzi wa Vita vya Uhuru, na Henry Muhanika akavitungia utenzi Vita vya Kagera. Tenzi hizo zimefuata mila tukufu: zinavitazama vita kutoka juu, ambako mataifa, viongozi na haki na batili ndio wahusika. Ninamaninja Kalpadukal inaonyesha sehemu nyingine ya kusimama. Mtu anaweza kuvisimulia vita kutoka jikoni kwa mama wa askari, na asiipunguze heshima ya askari hata chembe.

Kwa nchi za Afrika Mashariki jambo hili si la kihistoria tu. Askari kutoka Uganda, Burundi na Kenya wametumika Somalia. Wa Rwanda na Tanzania wametumika katika misheni nyingine za kulinda amani barani. Wengi wao hupewa amri au kuzungumza kambini kwa Kiswahili. Nyumbani kwao kuna nyumba zilizojengwa kwa posho ya misheni, watoto waliosomeshwa kwa fedha hizo, na ndoa zilizodumu au kuvunjika kwa sababu ya umbali. Taarifa rasmi zinaweza kuhesabu vikosi na gharama. Haziwezi kueleza posho ya misheni inafanya nini ndani ya nyumba moja. Kazi hiyo ni ya riwaya, na baada yake ya filamu.

Ushahidi kwamba njia hiyo inapitika upo. Vuta N'kuvute, riwaya ya Shafi Adam Shafi, ilifanywa filamu na Amil Shivji na kuonyeshwa kimataifa mwaka 2021. Yanayohitajika ni yale yatakayoifanya njia iwe barabara. Washauri wa sera, pamoja na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, wanaweza kuzingatia mambo manne yanayotokana moja kwa moja na uzoefu wa Kerala. Kwanza, mikataba ya uchapishaji wa riwaya za Kiswahili itamke waziwazi haki za filamu, ili mtayarishaji ajue anazungumza na nani. Pili, mrabaha ulipwe kwa kiwango na kwa wakati, kwa kuwa mwandishi asiyelipwa hana sababu ya kuamini sinema itamlipa. Tatu, tuzo za filamu za kikanda zitenge nafasi maalumu kwa filamu iliyotokana na kazi ya fasihi ya Kiswahili, na zimtambue mwandishi pamoja na mwongozaji. Nne, askari wastaafu wanaotaka kuandika wapewe msaada wa wahariri kabla kumbukumbu zao hazijazikwa pamoja nao.

7.0 Hitimisho

Ninamaninja Kalpadukal ilitoka mikononi mwa karani wa maisha ya kambini ikafika katika majumba ya sinema na kwenye meza ya tuzo za Rais bila kubadili lugha wala kumsaliti askari wake. Iliweza kupita katikati ya hamasa za vita vipya kwa sababu ilikuwa imekwisha kusema jambo lake katika utulivu wa kitabu. Kwa watafiti wa uhawilishaji wa fasihi, funzo ni kwamba uaminifu wa filamu kwa riwaya hauonekani katika matukio yaliyobakizwa tu, bali pia katika mahali pa kusimama panapolindwa. Kwa washauri wa sera, funzo ni kwamba filamu nzuri huanza kutengenezwa miaka mingi kabla ya kamera kuwashwa: katika mkataba wa haki, maktaba yenye wasomaji, na mwandishi aliyelipwa stahili yake.